Nani Alishinda Dili? Hilo Ni Swali la Mwenye Timu

Mashabiki wa St. Louis Cardinals wana desturi ambayo haizeeki. Msimu wa besiboli ukiisha, baridi ikaingia na pasiwe na mechi ya kubishania, wanafungua daftari la zamani na kuanza kupiga hesabu: ni mabadilishano gani ya wachezaji yaliifaidisha timu yetu, na yapi yalitutia hasara? Orodha ni ileile kila mwaka. Juu kabisa yupo Lou Brock, aliyeletwa kutoka Chicago Cubs mwaka 1964. Chini kabisa yupo Steve Carlton, aliyepelekwa Philadelphia Phillies mwaka 1972. Katikati wanapangwa wengine, kila mmoja na tarakimu zake. Wanahabari wanaandika, watangazaji wanasoma, na vijana wenye kompyuta wanachora grafu zinazopanda na kushuka.

Nasema desturi hii ni mbovu. Tatizo si kwamba inapoteza muda, maana michezo yote inapoteza muda na tunaipenda hivyohivyo. Tatizo ni kwamba inamzoesha shabiki, ambaye katika maisha yake ni mtu wa kuajiriwa, kuutazama mchezo kwa macho ya mwajiri. Na kwa Cardinals haina hata udhuru, kwa sababu hii ndiyo timu ambayo mchezaji wake mmoja, Curt Flood, alikataa kubadilishwa, akaenda mahakamani, na akalipa kwa maisha yake ya uwanjani. Timu yenye historia hiyo haistahili kusomwa kama kitabu cha mauzo cha duka la jumla.

Msomaji aliyekulia kwenye soka anahitaji kuelezwa jambo moja kabla hatujaendelea. Tunaposema mchezaji wa Simba au Yanga ameuzwa, tunatumia neno kali kuliko jambo lenyewe. Klabu mbili zinaweza kupatana bei usiku kucha, lakini mchezaji asipoweka saini na klabu mpya, hakuna kilichofanyika. Besiboli ya Marekani haiko hivyo. Huko timu mbili zinapatana, mtu kwa mtu, au watu watatu kwa watatu, halafu wachezaji wanaarifiwa. Mkataba unahama na mwenyewe anaufuata, kama kadi ya gari na gari lake.

Na zamani ilikuwa mbaya zaidi. Mpaka mwaka 1975, kila mkataba ulikuwa na kifungu kilichoipa timu haki ya kuurefusha kwa mwaka mmoja hata kama mchezaji hakutaka kusaini tena. Wenye timu walikitafsiri kwamba mwaka huo mmoja huzaa mwingine, na huo mwingine, hadi mchezaji astaafu. Kwa hiyo mchezaji alikuwa na njia mbili tu: acheze pale alipopelekwa, au aache besiboli. Sheria za kuzuia ukiritimba hazikumsaidia. Mwaka 1922 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua kwamba besiboli haiguswi na sheria hizo, na mwaka 1953 ikakataa kuugeuza uamuzi wake.

Sasa tulifungue hilo daftari, tuanze na ukurasa wanaoupenda.

Tarehe 15 Juni 1964, Cardinals walimpeleka Chicago mrushaji Ernie Broglio pamoja na wenzake wawili, Bobby Shantz na Doug Clemens. Wao wakapewa Lou Brock, Jack Spring na Paul Toth. Siku ile wengi waliona Chicago ndiyo iliyopata faida. Broglio alikuwa ameshinda mechi 18 msimu uliotangulia. Brock alikuwa kijana mwenye mbio nyingi na wastani wa kupiga wa 0.251, ambao si wa kujivunia. Alipofika St. Louis alicheza mechi 103 na wastani ukapanda hadi 0.348. Cardinals wakatwaa ubingwa wa World Series mwaka huohuo kwa kuwafunga New York Yankees. Brock alimaliza maisha yake ya uchezaji akiwa ameiba besi 938, na mwaka 1985 akaingizwa kwenye Jumba la Mashujaa wa besiboli.

Broglio alishinda mechi 7 na kupoteza 19 kwa misimu mitatu akiwa Chicago. Mkono wake wa kurushia ulikuwa na hitilafu kwenye kiwiko, na baada ya msimu wa 1964 alifanyiwa upasuaji. Hizi ni habari za mtu aliyeumia kazini. Lakini daftari halina mahali pa kuandika maumivu. Lina safu ya faida na safu ya hasara, na Broglio akaandikwa kwenye hasara. Kwa zaidi ya miaka 50, hadi alipofariki mwaka 2019, jina lake lilikuwa mzaha wa besiboli nzima: mtu akitaka kutaja dili baya, anasema Brock kwa Broglio. Hakuliomba dili hilo. Hakuwadanganya Chicago. Alipanda ndege kwenda alikoambiwa aende, akarusha mpira kwa mkono uliokuwa ukimuuma, na malipo yake ni kuitwa bidhaa mbovu.

Meneja mkuu aliyelifunga dili hilo, Bing Devine, alifukuzwa kazi mwezi Agosti mwaka huohuo, majuma machache kabla ya timu kuwa bingwa. Yaani hata mwajiri wake, aliyelipwa ili aone mbele, hakuiona faida ambayo leo mtoto wa shule anaisoma kwenye jedwali na kushangaa Chicago walikuwa na upofu gani.

Twende ukurasa wanaouchukia. Steve Carlton alishinda mechi 20 mwaka 1971, akataka mshahara upande. August Busch, mwenye timu, tajiri wa kiwanda cha bia, alichoshwa na mabishano ya mishahara. Kule Philadelphia, mrushaji Rick Wise naye alikuwa akivutana na timu yake kuhusu mshahara. Tarehe 25 Februari 1972 wawili hao wakabadilishwa. Msimu uliofuata Carlton alishinda mechi 27 katika timu iliyoshinda 59 tu kwa jumla. Alistaafu na ushindi 329 na tuzo nne za Cy Young, ambayo hupewa mrushaji bora wa mwaka. Wise, ambaye hakuwa mchezaji wa kubeza, aliwapa Cardinals ushindi 32 kwa misimu miwili, kisha naye akabadilishwa kwenda Boston.

Wapiga hesabu wanasema Busch alikosea. Mimi nasema neno “alikosea” linamsamehe mno. Kosa ni kudhani kiwiko ni kizima kumbe kibovu. Alichofanya Busch ni kumtoa mfanyakazi kwa sababu aliomba nyongeza, na kifungu cha mkataba kilimruhusu. Kitendo hicho kilikuwa kibaya asubuhi ya tarehe 25 Februari, kabla Carlton hajarusha mpira hata mmoja akiwa Philadelphia. Sasa fikiria kama bega la Carlton lingechanika mwezi Aprili. Daftari lilelile lingemsifu Busch leo: aliona mbali, aliuza mapema. Adhabu ingegeuka busara kwa sababu ya msuli mmoja. Kipimo kinachoweza kuigeuza adhabu kuwa busara namna hiyo hakifai kupimia matendo ya watu.

Kati ya kurasa hizo mbili upo ukurasa wa tatu, ambao wapiga hesabu huupitia haraka.

Tarehe 7 Oktoba 1969, Cardinals walitangaza kwamba Curt Flood, Tim McCarver, Byron Browne na Joe Hoerner wanakwenda Philadelphia, na kutoka huko wanakuja Dick Allen, Cookie Rojas na Jerry Johnson. Flood alikuwa na misimu 12 St. Louis. Alilinda katikati ya uwanja wa nje kwa ustadi uliompa tuzo ya Gold Glove miaka saba mfululizo, kuanzia 1963 hadi 1969. Alikuwemo kwenye ubingwa wa 1964 na wa 1967. Makazi yake na biashara yake vilikuwa St. Louis. Habari aliipata kwa simu ya asubuhi kutoka kwa afisa wa ngazi ya kati wa klabu.

Angalia watu wawili wakubwa katika dili hilo. Dick Allen alitaka kuondoka Philadelphia. Mashabiki wa huko walimtupia vitu hadi akawa anavaa kofia ngumu hata akiwa mlinzi uwanjani. Kwake yeye, kubadilishwa kulikuwa nafuu. Flood, mtu mweusi mwenzake aliyeonja ubaguzi wa majimbo ya kusini akiwa kijana kwenye ligi ndogo, hakutaka kupelekwa kulekule ambako Allen alikuwa akikimbia. Dili moja, siku moja, karatasi moja: mmoja amefunguliwa mlango na mwingine amesukumwa nje. Daftari haliwezi kuwatofautisha. Kwake ni kipande kwa kipande.

Tarehe 24 Desemba 1969 Flood alimwandikia Bowie Kuhn, kamishna wa besiboli, akimweleza kwamba baada ya miaka 12 hajioni kuwa mali ya kununuliwa na kuuzwa bila kujali anataka nini, na kwamba anaomba timu nyingine ziarifiwe kuwa yuko tayari kusikiliza ofa zao. Kuhn alikataa. Januari 1970 Flood akafungua kesi, akitetewa na Arthur Goldberg, aliyewahi kuwa jaji wa Mahakama ya Juu. Jackie Robinson alikuja kutoa ushahidi upande wake. Hank Greenberg alikuja. Kati ya wachezaji waliokuwa bado wanacheza, hakuja hata mmoja. Wote walikuwa na mikataba yenye kifungu kilekile, na wote walijua nani anaweza kuwahamisha kesho.

Flood alikaa nje msimu mzima wa 1970. Na dili? Dili liliendelea. Cardinals walimpeleka Philadelphia kijana aitwaye Willie Montañez na mwenzake mmoja ili kufidia nafasi yake. Mtu mmoja amekataa, basi anatafutwa mwingine, mzigo ufike. Wapiga hesabu wanaliita jambo hili ukamilishaji wa mabadilishano.

Mwaka 1971 alijaribu kurudi akiwa na Washington Senators, akacheza mechi 13, akaondoka. Tarehe 19 Juni 1972, miezi minne baada ya Carlton kuhamishwa, Mahakama ya Juu ilimkatalia kwa kura 5 dhidi ya 3. Majaji wengi walikiri kwamba besiboli kubaki nje ya sheria za ukiritimba ni jambo lisilolingana na michezo mingine, kisha wakaliachia Bunge lilirekebishe. Flood alifariki Januari 1997, akiwa na miaka 59. Mwaka uliofuata, 1998, Bunge la Marekani lilipitisha sheria yenye jina lake.

Lakini mlango ulikuwa umeshalegea. Makubaliano mapya kati ya chama cha wachezaji na wenye timu mwaka 1973 yaliweka kanuni kwamba mchezaji mwenye miaka 10 kwenye ligi kuu, mitano ya mwisho akiwa na timu moja, ana haki ya kukataa kubadilishwa. Flood mwenye miaka 12 angelindwa na kanuni hiyo. Tarehe 23 Desemba 1975, miaka sita kasoro siku moja tangu ile barua, msuluhishi Peter Seitz aliamua kwamba mwaka mmoja wa kurefusha mkataba ni mwaka mmoja kweli, na ukiisha mchezaji yuko huru.

Kwenye daftari, Flood kwa Philadelphia ni sifuri. Hakucheza mechi hata moja, hakupiga mpira hata mmoja. Orodha za majira ya baridi humwandika hivyo, kisha zinahamia kwa Allen na mipira 34 aliyoipeleka nje ya uwanja mwaka 1970.

Huko nyuma nimesema daftari linatuzoesha macho ya mwajiri. Tulete jambo hili nyumbani, tuone linavyosikika. Mwalimu wa shule ya msingi anapewa barua ya uhamisho. Ana watoto wanaosoma, ana shamba la mkopo, ana mama mgonjwa nyumba ya tatu. Anapelekwa wilaya nyingine, na wa wilaya ile analetwa hapa. Baada ya miaka kumi sisi tunakaa kijiweni na matokeo ya mitihani ya shule zote mbili, tunabishana ni shule ipi ilishinda uhamisho ule. Nani angetuvumilia? Yule mwalimu mwenyewe angetuuliza tumetokea wapi. Mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu: barua ya uhamisho ikija kwetu tunaita mateso, ikienda kwa mchezaji tunaita mkakati.

Najua majibu yanayokuja, kwa sababu nimeyasikia katika darasa letu la uzamili kutoka kwa watu ninaowaheshimu.

La kwanza: walilipwa vizuri. Kweli, Flood alilipwa dola 90,000 mwaka 1969, na hizo zilikuwa fedha nyingi. Aliulizwa hilo kwenye televisheni, akajibu kwamba ukubwa wa malipo haumwondolei mtu utumwa. Mimi neno hilo la utumwa nitamwachia yeye. Sisi wenye Zanzibar na Bagamoyo katika historia yetu tunajua watu kuuzwa kweli kulikuwaje, na hatuna ruhusa ya kulitupa neno hilo ovyo. Ninachosema ni kidogo zaidi, na hakihitaji mfano mkubwa: bei si ridhaa. Ukinilipa mara mbili ya thamani ya nyumba yangu bila kuniuliza kama nauza, umenilipa vizuri na bado hukuniuliza.

La pili: tusipoangalia nyuma hatutajifunza. Kujifunza nini? Meneja mkuu anayerejea mabadilishano yake anajifunza kazi yake. Shabiki hatabadilisha mtu yeyote maishani mwake. Anakesha akijifunza kazi ambayo hataifanya, huku somo analolihitaji, la mfanyakazi aliyesema hapana na wenzake waliokaa kimya, likimpita pembeni.

La tatu, ndilo zito: hayo ni ya zamani, leo wachezaji ni mamilionea wenye mawakala. Baadhi yao ndiyo. Lakini mchezaji wa leo hana uhuru wa kuchagua timu mpaka atimize miaka sita kwenye ligi kuu, na haki ya kukataa kubadilishwa haimfikii mpaka ile kanuni ya miaka 10 na mitano imkute, au aipate kwa kuipigania kwenye mkataba wake. Wengi hawadumu hivyo. Walio ligi ndogo, ambao mara nyingi ndio wanaoongezwa kwenye dili kama bakshishi, walikuwa hawana hata chama cha kuwasemea hadi mwaka 2022. Hawa ndio tunaowasoma kwenye orodha kama “matarajio mawili”, bila hata majina.

Na kwa anayedhani kumuuliza mchezaji kungeua mchezo, Cardinals wenyewe wana jibu. Mwishoni mwa mwaka 1981 walitaka kumtoa Garry Templeton kwa San Diego ili wampate Ozzie Smith. Smith alikuwa na kipengele katika mkataba wake kilichomruhusu kukataa. Ikabidi Whitey Herzog, aliyeiongoza timu, afunge safari hadi San Diego kumtembelea, amweleze St. Louis ni mahali gani na timu ina mipango gani. Smith alisikiliza, akatafakari, akakubali. Februari 1982 dili likakamilika, na mwaka huohuo Cardinals wakawa mabingwa wa World Series. Smith alibaki St. Louis hadi alipostaafu mwaka 1996, na yumo katika Jumba la Mashujaa.

Sidai kwamba ubingwa ulikuja kwa sababu Smith aliulizwa. Hiyo ingekuwa hesabu ileile ninayoipinga. Wala sidai kwamba Herzog alikuwa na roho nzuri kuliko Busch. Kilichobadilika ni karatasi. Miaka 12 kabla, afisa alipiga simu na kazi ikaisha. Safari hii kulikuwa na mstari kwenye mkataba, na mstari huo ulimlazimisha mkubwa kupanda ndege, kukaa kwenye kiti cha mgeni na kuomba. Mistari ya namna hiyo haikuota yenyewe.

Kwa hiyo kama ni lazima daftari lifunguliwe kila baridi, naomba liongezwe safu moja. Ziko safu za ushindi, za wastani, za besi zilizoibwa na za mshahara. Ongezeni ya kujibu swali hili: aliulizwa? Taarifa za kuijaza zipo, hazihitaji kompyuta. Brock, hapana. Broglio, hapana. Carlton, hapana. Wise, hapana. Allen, hapana, ingawa alitaka. Montañez, hapana. Smith, ndiyo. Kwa Flood itabidi nafasi iwe pana kidogo, kwa sababu yeye hakuulizwa na bado alijibu.